Betri Mbili za Mashine ya Msanzila

Tangu watu watoke misa ya kwanza, Dominika alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la betri, anafuta kutu ya kijani kwa maji ya moto na magadi. Alifuta kichwa kimoja, akaenda cha pili, akarudi kwenye kile cha kwanza. Alijua vizuri kwamba usafi hauwashi mashine. Ila mikono yake haikuzoea kukaa bure ndani ya kile kibanda, na akitoka nje angekutana na madebe.

Madebe yalikuwa foleni ukutani, arobaini na tatu, ya mahindi na ya ulezi. Wenye madebe walikuwa wamekwenda zao nyumbani na kuyaacha yawashikie nafasi. Leo ilikuwa siku ya kumi na moja. Wengine walikuja jioni kuchota bakuli moja moja wakatwange, wengine walirudi kwenye mawe ya kusagia ya mama zao, yaliyokuwa yamegeuzwa vigoda na vyombo vya kunyweshea kuku. Bibi Silvana, ambaye debe lake lilikuwa la nne, alikuwa akipita kila asubuhi kuligusa tu, kisha anauliza, "Bado, mwanangu?" Dominika anajibu bado, na bibi anaondoka na mgongo wake uliopinda. Hakuwahi kulaumu. Hilo ndilo lilimchoma Dominika kuliko matusi.

Mashine yenyewe ya kusaga, ya kijiji cha Msanzila, ilikuwa nzima. Injini ya dizeli, kubwa, si ile ya kuzungusha kwa mkono. Hata wanaume watatu wangeshika gurudumu lake lisingegeuka. Iliwashwa kwa stata, mota ndogo ya kuiamsha, na stata ilitaka volti ishirini na nne. Ndani ya sanduku mlikuwa na betri mbili za volti kumi na mbili kila moja, zimefungwa kwa mfuatano, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, ili nguvu zao zijumlishwe. Ikishawaka, injini haihitaji betri tena; inanguruma yenyewe mpaka uikatie dizeli. Zamani ilikuwa na dinamo ya kuzirudishia betri chaji. Dinamo ikafa baada ya Pasaka, ikaandikiwa barua, barua ikajibiwa kwamba vifaa vinatoka nje na fedha za kigeni hakuna. Basi kila asubuhi betri zikawa zinatoa bila kurudishiwa, mpaka siku ile stata ilipotoa sauti moja, *tk*, ikanyamaza.

Ijumaa Dominika alipanda tela la trekta na sanduku lake mpaka karakana ya serikali mjini Sumbawanga. Karani alisoma karatasi ya kijiji: betri moja, volti ishirini na nne. Siku mashine inaletwa, mpokeaji aliona sanduku moja lenye kifuniko kimoja, kimeandikwa 24, naye akaandika alichokiona. Karani akasema chaja yao ni ya kumi na mbili, hii haiwezekani. Dominika akaomba afungue kifuniko amwonyeshe kwamba ni mbili. Karani akaweka kiganja juu ya sanduku, akamwambia kwa upole kabisa kwamba mali ya umma haifumuliwi kaunta. Alete barua ya kurekebisha karatasi, ipitie kata, ipitie tarafa. Jioni alirudi na sanduku lilelile, zito vilevile.

Na Jumatatu, yaani kesho saa mbili, ilikuwa inakuja kamati ya wilaya. Barua yao ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa katibu: mashine yoyote itakayokutwa haifanyi kazi itahamishiwa kijiji kingine chenye uwezo wa kuitunza. Kijiji cha pili chenye mashine kilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, debe kichwani, na upepo wa Ufipa ukija mbele hauna mti wa kuuzuia.

Mnamo saa saba na nusu gari likasikika barabara ya Mollo, likaja linachechemea, likasimama karibu na kibanda. Lilikuwa pikapu ya Huseni, mfanyabiashara wa mjini aliyepewa kazi ya kusambaza bidhaa kwenye maduka ya vijiji. Alikuwa ameleta katoni tatu za sabuni kwa kijiji kizima, na bei ya kipande ilikuwa imepanda mara mbili tangu Pasaka. Jiwe lilikuwa limempasua tairi la nyuma, pasuko refu kama kidole, na la akiba lilikuwa limeshakufa njiani, huko Kaoze.

Huseni alipiga jeki, akatoa gurudumu, akazunguka kijiji kutafuta kipande cha mpira mgumu cha kuweka ndani ya tairi ili mpira wa ndani usitokeze kwenye pasuko. Aliporudi mikono mitupu, saa yake ilisema saa nane na dakika kumi. Akaketi kwenye bampa. Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, kuokoa mafuta ya nchi. Kwa hiyo hata angepata kiraka sasa hivi, atalala hapa.

Dominika alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, anatazama. Hakutazama tairi. Boneti ya pikapu ilikuwa wazi, na yeye alikuwa akitazama ndani yake. Betri moja. Volti kumi na mbili. Dinamo nzima, inayong'aa.

Akarudi ndani, akakata kipande cha mkanda wa mashine uliochakaa, mpira wenye nyuzi ndani, mgumu kama ngozi ya nyati. Akatoka nacho.

"Shikamoo kaka Huseni."

"Marahaba. Hicho umekitoa wapi?"

"Mkanda wa zamani. Hiki ukikiweka ndani, unafika Sumbawanga na unarudi."

Huseni akakikunja, akakinusa, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akauliza bei. Dominika akamwambia bei yake ni saa tatu za injini ya gari, ikiwaka papo hapo ilipo.

Kicheko kikaisha. Huseni akaeleza, na hakuwa anasema uongo, kwamba petroli aliyonayo ni ya kumfikisha mjini na vikombe vichache juu. Kuna foleni ya siku mbili kwenye pampu, na hiyo ni kama gari la mafuta limefika. Dominika akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mjini ni mteremko sehemu kubwa, na kwamba saa tatu za kuwaka bila kutembea hazimalizi hata robo ya anachofikiria. Halafu akamwonyesha madebe. Alimwonyesha tu, kwa kidevu.

Huseni akayahesabu kwa macho. "Saa mbili na nusu," akasema. "Na ukiniunguzia dinamo, dada, mimi nahamia kwako na watoto wangu sita."

Wanawake wawili waliokuwa wamekuja kutazama gari wakaangua kicheko. Mmoja akasema basi Dominika atakuwa ameolewa kwa mkanda wa mashine, mahari ya kwanza ya namna hiyo Ufipa nzima.

Dominika alikuwa ameshafungua kifuniko cha sanduku. 

Kazi hii hakuna aliyemfundisha, kama kufundishwa ni kuketishwa na kuambiwa. Alipomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, kijiji kilimpa kazi ya kufagia kibanda na kuandika majina. Fundi Tadei alipokuja kufunga mashine alikaa wiki tatu, mtu asiyependa maneno. Dominika alimletea maji ya kunawa, akabaki amesimama. Aliona kila wakati fundi anapotaka kuzipa betri chaji kutoka kwenye Landrova yake, kwanza anazitenganisha. Hakuuliza kwa nini. Siku ya nne akauliza, na fundi akamjibu kwa sababu alikuwa amengoja siku nne. Baada ya Tadei kuhamishwa, kazi ikawa yake.

Sasa alianza na waya mfupi wa katikati, ule unaofunga betri ya kwanza na ya pili mkia kwa kichwa. Akaufungua pande zote mbili, akauvaa shingoni kama mkufu. Hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe. Waya huo ukisahaulika mahali pake wakati unaziweka betri bega kwa bega, moto unatoka hapohapo, na ndevu za fundi mmoja wa mjini zilikwenda hivyo. Kwa hiyo waya ukiwa shingoni kwake, betri ziko bega kwa bega na hakuna stata ya kuguswa. Ukitoka shingoni, ziko kwenye mfuatano na hakuna gari la kusogea karibu. Hata mlevi angeelewa.

Akafungua vifuniko vya matundu, vyote kumi na viwili, akaongeza maji ya mvua aliyoyakinga kwenye chungu kisafi, mpaka mabati ya ndani yakafunikwa. Akachukua waya mwekundu, akaunganisha chanya na chanya. Mweusi, hasi na hasi. Sasa zilikuwa betri mbili lakini volti kumi na mbili tu, kama ng'ombe wawili wanaokunywa kwenye hori moja. Huseni, aliyekuwa amechuchumaa anamtazama, akauliza kwa nini asiziache zilivyo na kuunganisha gari moja kwa moja.

"Gari lako lina kumi na mbili. Zikiwa zilivyo ni ishirini na nne. Maji ya kisima hayapandi yenyewe kwenye tangi la juu." Akakaza nati ya mwisho ya nyaya za kwenda kwenye betri ya gari. "Tena yangerudi kwako, yakakuunguzia dinamo."

Huseni akawasha. Dominika akasikiliza, akamwambia mwendo ni mdogo mno, dinamo inazunguka usingizini. Wakakandamiza pedeli kwa gunzi la mahindi mpaka injini ikapanda kidogo, na Dominika akainua kidole: hapo. Akaweka kiti chake kidogo kati ya gari na sanduku, akakaa.

Haikupita nusu saa akaja katibu wa kijiji, Ndugu Leonsi, mwendo wa haraka, koti la Jumapili likipeperuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanane na cheo kimoja, na kila barua kutoka wilayani ilimletea kiungulia. Akasema ameusikia mlio kutoka nyumbani kwake, na kama yeye ameusikia, kata nayo itausikia. Amri ya Jumapili inajulikana.

"Amri inasema gari lisitembee, ndugu katibu," akasema Huseni.

"Sasa hili?"

"Hili halina gurudumu."

Leonsi akazunguka nyuma, akaona jeki na ekseli tupu.  Kisha macho yake yakaangukia sanduku lililo wazi na nyaya zilizokwenda huku na huku, na hofu yake ikapata pa kuegemea. Nani aliyeruhusu betri ifumuliwe? Kwenye leja ya kijiji, iliyosainiwa na yeye, ni betri moja. Kamati itafika kesho na kukuta nini?

Dominika hakusimama. Kusimama kungefanya yawe mabishano. Alimwambia, kwa sauti ileile aliyosomea majina ya foleni, kwamba kesho kamati itakuta ama leja iliyo sawa na mashine iliyokufa, ama mashine inayosaga na leja yenye kosa. Vyote viwili haviwezekani, kwa hiyo katibu achague kimoja, na yeye Dominika atafanya hivyohivyo.

Leonsi alitazama madebe. La saba lilikuwa la mke wake. Akavua koti, akalikunja, akakaa juu ya jiwe.

"Zinachukua muda gani?" akauliza.

Zilichukua muda wa Huseni kuweka kipande cha mkanda ndani ya tairi, kujaza upepo kwa pampu ya mkono, kusali Alasiri, na kula viazi alivyoletewa na Bibi Silvana. Dominika hakuondoka. Kila baada ya muda aligusa ubavu wa betri kwa nyuma ya mkono, hii kisha ile, kuona kama joto linalingana. Aliinamia matundu na kusikiliza. Mwanzoni kimya. Baadaye viputo vichache, kimoja hapa, kimoja pale. Betri ya kushoto ilichelewa. Akaona, akaisogezea upande wake waya wenye mguso mzuri zaidi, akaingoja. Saa mbili na nusu zilipofika Huseni alinyosha mkono kwenye ufunguo, kisha akaurudisha mfukoni. Aliacha liwake mpaka jua liliposhika ukingo wa milima, matundu yote kumi na mawili yakitokota kama uji mwepesi.

"Wewe ulisoma wapi haya?" akamwuliza.

"Hapahapa," akasema Dominika, akaanza kufungua waya mwekundu.

Jumatatu saa mbili na robo Landrova ya wilaya ilifika. Kiongozi wa kamati alikuwa Ndugu Isakwisa, Mnyakyusa wa Mbeya, mwaka wake wa pili Rukwa, suti ya kaunda, macho ya mtu aliyelala vibaya. Alisalimia wazee kwanza, shikamoo moja moja, kisha akaomba kuona mashine.

Dominika alivua waya mfupi shingoni, akaufunga mahali pake, akakaza, akashika kitufe. Stata ilivuta mara moja, ikasita, ikavuta tena. Injini ikakohoa moshi mweusi mlangoni na kushika. Kibanda kikatikisika. Nje wanawake walipiga vigelegele, na Bibi Silvana akakaa chini palepale kando ya debe lake.

Isakwisa alitabasamu kweli. Alisogea akatazama mikono ya Dominika, akauliza ni nani fundi wa hapa, akaambiwa ni huyu. Akatikisa kichwa, akaandika, huku akisoma kwa sauti ili Leonsi asikie: *Mashine inafanya kazi. Ibaki.* Akapiga mstari chini yake.

Kisha akageuza ukurasa wa pili, orodha ya vifaa. Mikanda, miwili. Chekeche, nne. Pipa la dizeli, moja, nusu. Betri, volti ishirini na nne, moja.

Akatazama sanduku. Akahesabu kwa kalamu. Akahesabu tena.

"Hii ya pili imetoka wapi?"

Leonsi alieleza, Dominika akaeleza, Leonsi akaeleza tena kwa jasho. Isakwisa aliwasikiliza wote, na ilionekana anaelewa. Hilo ndilo lilikuwa baya. Aliwapeleka kando ya injini na kusema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaamini. Lakini mwezi uliopita mwenzake alisimamishwa kazi kwa ajili ya magurudumu ya tela yaliyozidi kwenye hesabu. Siku hizi, betri inayozidi haiulizwi imefikaje. Inaulizwa inauzwa kwa nani. Karatasi yake ina moja. Ya ziada ataiweka stoo ya wilaya, salama kabisa, mpaka barua ya kurekebisha ifike.

"Ndugu," akasema Dominika, "ukiondoka na moja, hii haiwaki tena."

"Imeshawaka. Na nimeshaandika."

Hapo Dominika alimtazama muda mrefu, jinsi alivyotazama betri ya kushoto ilipochelewa. Kisha akachukua spana. Alitoa betri moja mwenyewe, asimwachie dereva. Akafunga vichwa vyake kwa kitambaa, akavikaza vifuniko vyote sita, akamwonyesha dereva jinsi ya kuibeba isilale ubavu, maana asidi ingekula viti vya serikali. Akaomba aandikiwe stakabadhi: betri moja, volti kumi na mbili. Isakwisa akaandika hivyohivyo, akasaini, na kalamu yake ikasita kidogo kwenye ile namba, kwa kuwa sasa ilikuwa kwenye karatasi yenye saini yake.

Mlio wa injini ulikuwa mkubwa, ilibidi ainame ili kuaga. "Sasa unaweza kuzima, dada. Tumemaliza."

"Nikizima, ndugu, nitakuwa na mashine isiyofanya kazi," akasema Dominika. "Na wewe umeandika inafanya."

Isakwisa akakunja karatasi zake. Akaingia garini. Landrova ikaondoka polepole, kwa ajili ya ile betri nyuma.

Leonsi hakungoja kuambiwa. Alienda nyumbani, akaandika barua kwa mkono wake, akavaa viatu vya safari na kushika njia ya kata, na kutoka pale aende tarafa, na kutoka tarafa mjini. Siku tatu kama kila mtu atakuwepo ofisini. Nne, labda.

Dominika aliingiza fito ndani ya pipa, akaitoa, akapima kwa viganja sehemu iliyolowa. Alifanya hesabu bila kusogeza midomo. Kusaga mchana kutwa, na usiku injini iachwe kwenye mwendo mdogo kabisa ili isizimike, dizeli ya nchi ikiungua bure gizani kwa sababu betri nzima imelala stoo. Siku mbili. Na nusu, kama hakuna atakayemwaga hata tone.

Aliwaita wanawake, akawagawa zamu: hawa wa kuchota maji ya kupoza injini, hawa wa kukaa nayo usiku wawiliwawili, asilale mtu, wala mtoto asiguse mkono ule wa kukatia mafuta. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mmoja alikuwa ameshakwenda kisimani.

Akajifunga kitambaa puani, akaondoa kizuizi cha mkanda, na jiwe likaanza kuzunguka. Unga wa kwanza ulitoka mwekundu wa ulezi, wa moto, akausugua kati ya vidole viwili kuona kama ni laini.

"Anayefuata," akasema.